Mwendeshaji wa baiskeli ya umeme asikubali kufichwa siri za mota

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa mtaa wa Landless mjini Thika anayefanya kazi Ruiru ana safari ya takribani kilomita 25 kila asubuhi. Atapita Makongeni, ashike Barabara Kuu ya Thika, ateremke na kupanda mabonde ya mito hadi Juja, kisha aelekee Ruiru. Akiwa juu ya baiskeli ya umeme, swali moja humwandama njia nzima: je, betri hii itanifikisha?

Kiwambo kidogo kilicho kwenye usukani humjibu kwa mistari minne au mitano. Mistari hiyo hupungua anapopanda mlima, ikarejea anapofika tambarare, na mara nyingine huzimika yote kwa mpigo akiwa mbali na kila kituo cha kuchajia. Hapo husalia kusukuma chombo ambacho kwa kawaida ni kizito kuliko baiskeli isiyo na mota.

Ajabu ni kwamba jibu sahihi limo ndani ya baiskeli yenyewe. Mota na betri hujua kasi, nguvu inayotumika na akiba iliyosalia, kila sekunde. Tatizo ni kuwa habari hizo haziwafikii waendeshaji wengi, ama kwa sababu hawajui namna ya kuunganisha mota na tarakilishi ya baiskeli, ama kwa sababu mtengenezaji aliamua kuzifunga.

Makala haya yanaeleza habari hizo hutoka wapi, husafiri vipi hadi kwenye usukani, na kwa nini mnunuzi anapaswa kuulizia jambo hili kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Mota inajua nini?

Mota ya kisasa ya baiskeli haina brashi za kaboni zilizozoeleka katika mota za zamani. Ina sumaku na nyaya za shaba zilizogawanywa katika makundi 3, na umeme hupitishwa katika kila kundi kwa zamu. Ili kutambua ni zamu ya kundi lipi, kidhibiti cha mota, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, kwa kawaida hutegemea vihisi 3 vidogo vinavyong’amua sumaku inapopita.

Vihisi hivyo huitwa vihisi vya Hall, kwa heshima ya Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani ambaye mwaka 1879 aligundua jinsi sumaku inavyouathiri mkondo wa umeme unaopita katika metali. Kwa kuhesabu idadi ya mara ambazo sumaku zimepita, kontrola hujua kasi ya mota.

Isitoshe, kontrola hupima volti za betri na ampea zinazoingia kwenye mota. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu inayotumika wakati huo. Volti 36 zikizidishwa kwa ampea 10 huwa wati 360.

Betri nayo ina bodi ya ulinzi ndani yake. Bodi hiyo huchunguza volti za seli na hukata umeme hatari inapokaribia. Bodi zilizo bora zaidi hupima pia joto, na huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, mithili ya karani wa ghala anayeandika kila gunia linaloletwa na kila linalochukuliwa.

Kwa nini mistari hudanganya

Viwambo vingi vya bei nafuu havisomi hesabu ya karani huyo. Husoma volti pekee, na volti huyumba.

Chukua mfano wa betri ya volti 36. Betri hiyo huwa na seli 10 zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ya lithiamu ikijaa hufikia volti 4.2, hivyo betri nzima hufikia volti 42. Tuseme kontrola imepangwa kuzima mota volti zinapoteremka hadi 31. Kati ya kujaa na kuzimika pana tofauti ya volti 11 tu.

Seli zina ukinzani wa ndani. Iwapo ukinzani wa betri nzima ni omu 0.2, na mota ikadai ampea 15 ili kupanda mlima, volti zitashuka kwa 3 papo hapo. Hiyo ni zaidi ya robo ya zile volti 11. Mwendeshaji ataona mstari mmoja au zaidi ukizimika ilhali umeme uliotumika ni kidogo mno. Akifika juu na kupumzika, mstari utarudi.

Kadiri betri inavyozeeka ndivyo ukinzani huo unavyoongezeka, na ndivyo udanganyifu wa mistari unavyozidi. Kwa hivyo, anayetegemea mistari hupotoshwa zaidi wakati ule ule ambapo betri yake imechakaa na anahitaji ukweli zaidi.

Tarakilishi ya baiskeli

Tarakilishi ya baiskeli ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani, chenye skrini inayoonyesha kasi, umbali, muda na, kwa vile vya bei ghali, ramani na mapigo ya moyo. Zile za awali zilitegemea sumaku iliyofungwa kwenye njiti za gurudumu, iliyohesabiwa kila ilipopita.

Mwaka 1986 mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kampuni ya SRM, iliyotengeneza mita ya kupima nguvu ya miguu ya mwendeshaji kwa wati. Tangu hapo mbio za baiskeli zilianza kubadilika.

Wakenya wana mfano wa karibu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah katika eneo la Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, alishinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Watazamaji walizoea kumwona ameinamisha kichwa, macho yakiwa kwenye tarakilishi yake. Alikuwa akisoma wati ili ajue kama ataweza kustahimili mwendo ule hadi kileleni.

Mwendeshaji wa baiskeli ya umeme anahitaji hekima hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba akiba anayoipima imo kwenye betri wala si kwenye mapaja yake.

Njia za kuunganisha

Njia ya kwanza ni waya. Kontrola na kiwambo kilichokuja na baiskeli huzungumza kupitia kebo nyembamba. Katika mota nyingi za zamani za kampuni ya Bafang ya Uchina, kwa mfano, kebo hiyo hubeba ujumbe kwa mtindo uitwao UART, ambapo waya mmoja hupeleka habari na mwingine huzirejesha. Mota mpya zaidi za kampuni hiyo hutumia CAN, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kuzinduliwa mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Mifumo hii miwili haipatani: kiwambo cha mmoja hakiwezi kutumika kwenye mwingine.

Njia ya pili ni redio ya masafa mafupi, nayo ina lugha mbili kuu. Moja ni ANT+, iliyobuniwa na kampuni ya Dynastream ya Canada ambayo Garmin iliinunua mwaka 2006. ANT+ ina sehemu maalumu kwa ajili ya vyombo vyepesi vya umeme. Mota inayoifuata hutangaza kasi, umbali, kiwango cha usaidizi wa mota, asilimia ya betri na makadirio ya kilomita zilizosalia. Mfumo wa Shimano uitwao STEPS unaweza kuunganishwa kwa njia hii, na baadhi ya tarakilishi za Garmin huzisoma habari hizo moja kwa moja.

Lugha ya pili ni Bluetooth, ambayo imo katika takriban kila simu ya kisasa. Bluetooth ina kanuni zilizoafikiwa za kutangaza kasi ya gurudumu, mzunguko wa pedali, nguvu kwa wati na asilimia ya betri. Mota ikizifuata kanuni hizo, tarakilishi ya kampuni yoyote inayozielewa itaisoma. Hata hivyo, watengenezaji wengi hutumia Bluetooth kama bomba tu, ndani yake wakapitisha lugha yao ya siri inayofahamika na programu yao ya simu pekee.

Msomaji akumbuke kwamba mwaka 2025 Garmin ilifunga mpango wake wa uanachama na uthibitishaji wa ANT+. Vifaa vilivyopo havikuacha kufanya kazi kwa sababu hiyo, lakini anayenunua chombo kipya atafanya vyema kuchagua kinachotumia Bluetooth pia.

Njia ya tatu ni kuifanya simu kuwa mkalimani. Programu ya mtengenezaji huisoma mota na kuonyesha habari zake kwenye skrini ya simu iliyofungwa kwenye usukani. Njia hii ni nafuu, lakini jua kali na mvua huiathiri simu, na wezi wa barabarani huiona haraka.

Njia ya nne ni ya mwenye baiskeli ambayo mota yake imefungwa kabisa au haina redio. Anaweza kuongeza vifaa vyake mwenyewe: kihisi cha kasi kwenye kitovu cha gurudumu, na betri yenye bodi ya ulinzi inayotumia Bluetooth ili asilimia na ampea zisomwe kwenye simu. Hatapata kila kitu, lakini atapata yale yanayohitajika zaidi.

Hatua za kufuata

Mwenye mota inayotangaza habari zake kwa redio anaweza kuziunganisha bila kumwita fundi. Kwanza, awashe baiskeli na kusogea mbali na baiskeli nyingine za umeme, ili tarakilishi isije ikashika mota ya jirani.

Pili, afunge programu ya mtengenezaji kwenye simu yake. Mota nyingi hukubali mteja mmoja tu wa Bluetooth kwa wakati mmoja. Simu ikiwa imeshawahi kushika laini, tarakilishi haitaiona mota, na mwenyewe atadhani kifaa ni kibovu. ANT+ haina shida hii, kwani hutangaza kama redio ya taifa: yeyote mwenye kipokezi husikia.

Tatu, afungue sehemu ya vihisi katika tarakilishi, aagize itafute, kisha achague baiskeli ya umeme. Baadaye apange ukurasa wa skrini uonyeshe mambo matatu: asilimia ya betri, kiwango cha usaidizi na umbali. Ukurasa uliojaa tarakimu 10 hausomeki kwenye barabara yenye matatu na malori.

Nne, athibitishe mzingo wa gurudumu. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi ya kawaida huzunguka takribani mita 2.07 kwa kila duru. Tarakimu hii ikikosewa, kasi na umbali vyote vitakosewa, na makadirio ya kilomita zilizosalia yatakuwa ya kubuni.

Kuna pia njia ya mafundi stadi. Kwa mota zenye UART, kadi ndogo ya kielektroniki kama vile ESP32 inaweza kusikiliza mazungumzo kati ya kontrola na kiwambo, kisha ikayatangaza upya kwa Bluetooth katika lugha inayoeleweka na tarakilishi yoyote. Kazi kama hii inawafaa wanafunzi wa uhandisi wa mekatroniki, fani inayofundishwa katika Chuo Kikuu cha JKUAT kilichoko Juja, katikati ya Thika na Ruiru.

Lakini tahadhari inahitajika. Katika kebo ya kiwambo ya mota hizo za Bafang, waya mmoja hubeba volti zote za betri, 36 au 48, ilhali nyaya za ujumbe hubeba takribani volti 5. Kadi ya ESP32 hutumia volti 3.3 tu. Anayeunganisha kwa kubahatisha ataiteketeza kadi, na huenda akaharibu kontrola. Vile vile, kuikata kebo kunaweza kumpotezea dhamana ya mtengenezaji na kuruhusu maji kuingia. Betri nayo isifunguliwe na asiye na ujuzi, kwa maana seli za lithiamu zikigusanishwa vibaya huwaka moto usiozimika kwa urahisi.

Jambo jingine ni kutochanganya nguvu ya mota na nguvu ya miguu. Mota ikitangaza wati zake kana kwamba ni za mwendeshaji, tarakilishi itamsifu kwa kuchoma kalori ambazo hakuzichoma. Anayefanya mazoezi kwa ajili ya afya au mashindano anapaswa kuweka hesabu hizo mbali mbali.

Hesabu ya kutoka Landless hadi Ruiru

Faida ya kazi hii yote huonekana katika hesabu ndogo. Betri ya volti 36 yenye uwezo wa ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360. Baiskeli ambayo mwendeshaji wake anapiga pedali na kusaidiwa na mota inaweza kutumia wati-saa 12 kwa kilomita katika hali nzuri. Ukigawa 360 kwa 12 unapata kilomita 30. Safari ya kilomita 25 inawezekana, na akiba ya kilomita 5 itasalia.

Sasa tuseme siku hiyo kuna upepo wa mbele, kuna mzigo wa kilo 20 nyuma, na mwendeshaji ameongeza usaidizi wa mota. Matumizi yakipanda hadi wati-saa 15 kwa kilomita, betri ile ile itamfikisha kilomita 24. Atakwama kilomita moja kabla ya Ruiru.

Hali ni sawa iwapo betri imezeeka na kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake. Wati-saa 288 zikigawanywa kwa 12 hutoa kilomita 24 pia.

Mistari minne haiwezi kumwonyesha tofauti ya 12 na 15. Tarakilishi inayopokea habari za mota inaweza. Mwendeshaji akifika Juja, yaani takriban nusu ya safari, na kuona asilimia 40 imesalia badala ya 55, atajua mapema kwamba apunguze usaidizi, apige pedali kwa nguvu zaidi au atafute mahali pa kuchaji. Uamuzi unaochukuliwa Juja una manufaa. Ule wa baada ya mota kuzimika hauna.

Kadhalika, anayeweka kumbukumbu za matumizi yake kwa miezi kadhaa ataona betri ikipungua nguvu hatua kwa hatua. Betri ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za baiskeli ya umeme. Mwenye kumbukumbu hizo anaweza kumwonyesha muuzaji ushahidi wa tarakimu wakati dhamana bado haijaisha, na anayenunua baiskeli kuukuu anaweza kuziitisha ili asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Data ni ya nani?

Suala hili haliwahusu waendesha baiskeli pekee. Kampuni kama vile Roam, Ampersand na Spiro zimeingiza pikipiki za umeme katika biashara ya bodaboda nchini, na baadhi ya waendeshaji hubadilisha betri vituoni badala ya kuzichaji nyumbani. Katika mifumo mingi ya aina hii ulimwenguni, betri huwa na kadi ya simu inayotuma habari kwa mwenye betri: ilipo, kiwango cha chaji na namna inavyotumika.

Kampuni ina sababu za msingi za kukusanya habari hizo. Lazima ijue betri ipi ni mbovu na ipi imeibwa. Lakini habari hizo pia hueleza mwendeshaji amelala wapi, ameamka saa ngapi na amebeba abiria kwa kasi gani. Huyu mwenye pikipiki anastahili kuona angalau kile ambacho kampuni inakiona.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa msingi wa kudai. Kifungu cha 26 kinampa mtu haki ya kuarifiwa jinsi habari zake za kibinafsi zitakavyotumika, na haki ya kuziona. Kifungu cha 38 kinazungumzia haki ya kupewa habari hizo katika muundo unaosomeka kwa mashine, ili aweze kuzihamishia kwingine. Habari za safari zilizounganishwa na jina au nambari ya simu ya mtu ni vigumu kudai kwamba si zake. Asiyeridhika anaweza kuwasilisha malalamishi katika Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Hata hivyo, haki inayodaiwa baada ya ununuzi huchukua muda. Njia rahisi ni kuuliza dukani. Je, mota hii hutangaza habari zake kwa Bluetooth au ANT+? Inafuata kanuni za wote, au ni lazima nitumie programu yenu pekee? Kampuni ikifunga biashara na programu ikaondolewa mtandaoni, baiskeli yangu itaendelea kufanya kazi? Kiwambo kinahesabu umeme uliotumika, au kinasoma volti tu?

Muuzaji anayeijua bidhaa yake atajibu maswali hayo kwa dakika chache. Asiyeweza kujibu amekwisha kumpa mnunuzi jibu. Wazee walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini katika biashara hii ulimi unaouliza dukani humwepushia mtu kusukuma baiskeli usiku, betri ikiwa imezimika na Landless ingali mbali.